Gazi ya mazuku, sindano na michirizi ya ngozi

Wakaaji wa Katindo wanajua mazuku: gazi karboniki inayotoka chini, nzito, bila harufu, inalala kwenye mashimo na kuua watoto na mifugo. Gazi hiyo hiyo, ile safi ya hospitali, munganga anaipiga kidogo kwa sindano chini ya ngozi yenye michirizi, ao verjetiri. Damu inakimbilia pale, ngozi inajijenga. Matibabu haya yalianzia Royat, Ufaransa, mwaka 1932, kwa wagonjwa wa mishipa ya damu. Michirizi mipya inaweza kupungua. Ya zamani, nyeupe, haifutiki kabisa. Wenye mimba na wagonjwa wa moyo ao mapafu, haiwafai. Na anayejipaka krimu ya kubadilisha rangi yenye klobetasoli asikimbilie sindano: krimu yenyewe inaleta michirizi, na akiendelea, mingine itatoka.