Habari za Wanawake wa Kando ya Ziwa

Vijitabu vya jubilei vina desturi moja. Huanza na siku ile mapadre wa kwanza walipofika, hutaja mtumbwi waliopanda, mtemi aliyewapa kiwanja, na kengele ya kwanza iliyopigwa. Kisha huja majina ya maaskofu, mapadre na makatekista, kila mmoja na miaka yake. Desturi hiyo ni njema, wala mimi katekista sina sababu ya kuchukia majina ya wenzangu yakiandikwa. Lakini nimevisoma vijitabu vingi vya namna hiyo, na ndani yake mwanamke hutajwa ama kwa kuwa ni sista, ama kwa kuwa ni mama wa padre. Wale waliobeba maji ya kufyatulia matofali ya kanisa, wakapika chakula cha mafundi, wakarudi jioni kwa waume waliowapiga kwa kuchelewa, hao hawakuandikiwa hata mstari mmoja.

Basi nilipoombwa ukurasa wa historia niliona yanipasa kuandika habari zao. Na kwa kuwa wengi majina yao hayakuandikwa popote, nitawashika wachache walioandikwa, mmoja katika hadithi, mwingine katika hukumu ya mahakama, ili kwa hao tupate kuwaona na wale wengine.

Sisi wa Busisi tukisimama ufukoni twatazama ng'ambo, Kigongo na nchi ya Bukumbi. Mapadre Weupe walipita ziwa hili mwaka 1879 kwenda Buganda. Mwishoni mwa mwaka 1882 waliondoka huko, wakaja kusini pamoja na watoto waliowakomboa katika utumwa, na mwaka 1883 wakafanya makao yao Bukumbi. Majina ya mapadre wale twafundishwa shuleni. Lakini kila mtoto aliyekombolewa alikuwa na mama yake mahali fulani, aliyenyang'anywa au aliyeuawa, au aliyeuzwa njia nyingine asimwone mwanawe tena. Kila nifundishapo historia ya misheni huwakumbuka mama hao, wala sijapata kitabu kilichosimulia habari zao. Masista Weupe walipofika Ushirombo mwaka 1894, ndipo wasichana wa bara hii walipoanza kuona nyumba ya wanawake wasioolewa, ambao hata hivyo waliheshimiwa. Jambo hilo lilikuwa la ajabu sana kwa wazee wetu, kwani kwao mwanamke alihesabiwa kwa mume aliyemwoa na watoto aliowazaa. Asiye na mume wala mtoto alikuwa kama mgeni hata katika nyumba ya baba yake.

Kuhusu mwanamke asiye na mtoto, hakuna aliyeandika vizuri kama jirani yetu wa Ukerewe, Bwana Aniceti Kitereza. Alizaliwa mwaka 1896, akasoma katika misheni ya Kagunguli na kisha katika seminari ya Rubya, lakini hakuwa padre; alimwoa Anna Katura mwaka 1919. Kitabu chake alikiandika kwa Kikerewe, akakimaliza mwaka 1945. Padre Almas Simard, Mkanada, alikipenda na kujaribu kukitafutia mchapishaji, asifanikiwe. Miaka ikapita mingi. Mwandishi akazeeka, viungo vikamwuma, akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, nacho kikatolewa mwaka 1980 na Tanzania Publishing House kwa jina refu la watu wanne: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali. Kilichapwa katika nchi ya China, na kabla nakala hazijamfikia, mzee alifariki mwaka 1981.

Hadithi yenyewe ni hii. Myombekere na Bugonoka wamekaa katika ndoa na hawana mtoto. Ndugu za mume wanamtukana mke kwa utasa wake. Wazazi wa Bugonoka wanaposikia matusi hayo wanakasirika, wanamchukua binti yao na kurudi naye nyumbani. Myombekere, badala ya kufuata shauri la ndugu zake la kutafuta mwanamke mwingine, aenda kwa wakwe zake kuomba. Wakwe wanamtoza faini ya pombe ya ndizi. Anaitengeneza kwa msaada wa rafiki zake, anaipeleka, anarudishiwa mkewe. Kisha wanakwenda kwa mganga aitwaye Kibuguma, na baada ya dawa nyingi na kungoja kwingi azaliwa Ntulanalwo, na baadaye Bulihwali.

Wasomaji wengine hulalamika kwamba kitabu hiki ni kirefu mno, kwamba mtu hawezi hata kwenda kulima bila ya mwandishi kueleza jembe. Ni kweli ni kirefu. Lakini mimi naona urefu ule una maana yake, maana ndani yake twaona kazi za Bugonoka siku kwa siku, asubuhi mpaka usiku, na hapo ndipo twaelewa mwanamke alifanya mangapi ili nyumba iitwe nyumba, na bado watu wakamwambia hana faida.

Watu humsifu Myombekere kwa uvumilivu, nami namsifu. Lakini yafaa tuangalie tena. Matusi hakutukanwa yeye, alitukanwa Bugonoka. Dawa chungu alizinywa Bugonoka. Aliyetoka katika nyumba yake na kurudishwa kama mzigo ni Bugonoka. Wala kitabu hakisemi kwamba desturi yote ya zamani ilikuwa mbaya: wazazi wake waliposikia matusi hawakusema, mvumilie mumeo, walikuja wakamtwaa, wakamtoza mkwe faini mbele ya watu. Siku hizi wazazi wangapi hufanya hivyo? Wengi huogopa kurudisha ng'ombe wa mahari, wakamwambia binti arudi akakae kimya.

Jambo jingine hunigusa. Bwana Kitereza na Anna Katura wenyewe hawakubaki na mtoto, naye hakuoa mke mwingine ingawa katika kisiwa chake hilo lilikuwa jambo la kawaida. Nimesoma maelezo ya wataalamu juu ya kitabu, wakisifu elimu yake ya mila, uvuvi na miti ya dawa. Walakini mimi husoma kurasa za Bugonoka nikifikiri kwamba ziliandikwa katika nyumba iliyokuwa na mwanamke anayeyajua mambo hayo kwa mwili wake. Jina la Anna Katura halimo katika jalada.

Mwaka uliopita alinijia kijana mmoja ambaye mkewe alikuwa amerudi kwao kwa sababu hiyohiyo. Alitaka kujua kama Kanisa laweza kumruhusu kuoa mwingine. Sikumjibu kwa sheria. Nilimsomea ile sehemu ya Myombekere kwenda kwa wakwe. Akasikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, akaniuliza: "Mwalimu, huyo mganga Kibuguma alikaa upande gani wa Ukerewe?" Nilicheka, lakini baadaye nilihuzunika, kwani sikumsikia akiuliza habari ya mkewe. Nilimshauri wote wawili waende hospitali wakapimwe, mume na mke pamoja. Habari kwamba mume naye aweza kuwa na upungufu ilimwudhi kuliko yote niliyomwambia siku ile.

Katika mwaka uleule wa 1945, Kitereza alipomaliza kitabu, kisiwani Ukerewe alizaliwa mtoto wa kike, Gertrude Mongella. Alisoma kwa masista, akawa mwalimu, mbunge na waziri, na mwaka 1995 ndiye aliyekuwa Katibu Mkuu wa mkutano mkubwa wa wanawake wa Umoja wa Mataifa uliofanyika Beijing. Tena mwaka 2004 alichaguliwa kuwa Rais wa kwanza wa Bunge la Afrika. Wako wanaosema kwamba huyo ni mmoja tu, na mmoja hajazi nchi. Ni kweli. Lakini aliyetoka kisiwa cha Bugonoka akasimama mbele ya mataifa amewafundisha wasichana wetu jambo ambalo mahubiri yangu hayakuweza.

Sasa tuje kwenye mahakama, maana mambo ya mtoto yana ndugu yake, nayo ni mambo ya shamba. Holaria Pastory alikuwa mwanamke wa nchi ya Bukoba, ng'ambo ya magharibi ya ziwa letu. Baba yake alimwachia shamba la ukoo kwa wosia. Alipozeeka akaona hana wa kumtunza, na mwezi wa Agosti 1988 akaliuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Hazikupita siku nyingi, Bernardo Ephraim wa ukoo wake akamshtaki katika Mahakama ya Mwanzo ya Muhutwe, akisema kwamba kwa sheria ya Wahaya mwanamke hana amri ya kuuza shamba la ukoo. Muhutwe wakakubaliana naye, mauzo yakabatilishwa. Mahakama ya Wilaya ya Bukoba ikatengua hukumu ile. Kesi ikavuka ziwa, ikafika Mahakama Kuu hapa Mwanza, mbele ya Jaji Mwalusanya.

Tarehe 22 Februari 1990 jaji alitoa hukumu. Alisema kwamba Haki za Binadamu zilizotiwa katika Katiba mwaka 1984 zakataza ubaguzi wa mwanamke, na kwa hiyo mwanamke ana haki ya kuuza shamba la ukoo kwa masharti yaleyale ya mwanamume. Ukoo waweza kulikomboa, lakini kwa kulipa shilingi 300,000 katika muda wa miezi 6, kama ambavyo ingekuwa shamba likiuzwa na mwanamume. Wanasheria wa nchi nyingi huitaja hukumu hii mpaka leo. Nami hufikiri zaidi juu ya bibi kizee aliyeuza shamba ili apate kula, kisha akasimama katika mahakama tatu kwa ajili yake.

Walakini hukumu moja haikumaliza mambo. Wajane wawili wa Shinyanga, waliotolewa katika nyumba zao na ndugu za waume waliofariki, walikwenda Mahakama Kuu; mwaka 2006 mahakama ikakiri kwamba desturi za urithi zilizoandikwa mwaka 1963 zina ubaguzi, lakini ikakataa kuzifuta. Wakakata rufani, nayo ikatupwa mwaka 2010 kwa kasoro za karatasi. Hatimaye kamati ya Umoja wa Mataifa ya haki za wanawake ikawapa haki mwaka 2015. Miaka yote hiyo, na kanuni za mwaka 1963 hazijaondolewa.

Yako mambo mengine ambayo ni vigumu kuandika katika kijitabu cha sherehe, lakini kuyaficha ni kusema uongo. Katika nchi yetu ya Usukuma wanawake wazee wameuawa kwa mapanga kwa kuitwa wachawi. Hesabu ya serikali ya miaka 1970 hadi 1984 yataja watu 3,693 waliouawa kwa sababu hiyo, na katika hao 2,286 walikuwa wanawake; sehemu kubwa waliuawa huku kwetu. Alama waliyotafuta wauaji ilikuwa macho mekundu. Na macho yale yalikuwa mekundu kwa sababu gani? Miti imekwisha katika sehemu nyingi za Usukuma, mama wakapikia samadi ya ng'ombe na mabua, moshi ukawaingia miaka arobaini, hamsini, wakiwapikia watu walewale. Mara nyingi nyuma ya neno la uchawi lilikuwapo shamba la mjane. Wauaji walikuwa na wazazi, na wengine walibatizwa. Sisi makatekista tuliwafundisha amri ya tano, na wengi wetu tulinyamaza siku za mazishi.

Mwezi wa Juni 2025 lilifunguliwa daraja kubwa la kilomita 3 kutoka Kigongo hadi hapa Busisi. Aliyelifungua ni Rais Samia Suluhu Hassan, mwanamke. Siku zile za kivuko tuliweza kungoja saa mbili, hata tatu, na wagonjwa na wajawazito walingoja nasi. Daraja limewaokoa wengi, nami nalishukuru. Lakini kungoja kule ndiko kulikokuwa riziki ya mama waliouza samaki wa kukaanga, ndizi na mihogo gatini. Magari sasa hupita bila kusimama.

Mmoja wao namfahamu tangu zamani, mjane, aliyesomesha watoto wake kwa karai moja la mafuta. Amehamisha jiko lake kando ya barabara. Macho yake ni mekundu sana. Juzi nilimwuliza, kwa sauti ndogo, kama haogopi maneno ya watu. Akageuza samaki wake, akaniambia kwamba maneno aliyasikia tangu mumewe alipofariki, na kwamba jambo analolitaka kwangu ni barua ya kupeleka kwa mtendaji wa kijiji, ili kiwanja alichojengea kiandikwe kwa jina lake mwenyewe. Tuliiandika jioni ileile.