Homa isiyoisha kwa mtoto mwenye tatizo la moyo

Bakteria kutoka kwenye jino bovu, fizi au kidonda wanaweza kuingia kwenye damu na kung'ang'ania valvu za moyo. Ugonjwa huu, endokaditisi, ni nadra, lakini usipotibiwa unaua. Walio hatarini zaidi ni waliozaliwa na tatizo la moyo, au walioharibiwa valvu na homa ya baridi yabisi.

Mama, mwanao akiwa na homa isiyoisha, jasho la usiku au kuishiwa pumzi, usimpe antibaiotiki za dukani. Zinaweza kuficha bakteria kwenye kipimo cha damu. Mpeleke hospitali, ueleze tatizo lake. Matibabu ni dawa za mshipani, mara nyingi wiki 4 hadi 6.

Mswaki mara 2 kila siku humkinga. Kabla ya kung'olewa jino, mwambie daktari kuhusu moyo wake.