Bahasha Moja, Karatasi Mbili

Kabla ya kuajiriwa serikalini Kenya, kuna bahasha ya kaki lazima uibebe. Ndani mna karatasi kadhaa, lakini mbili ndizo zimekuwa zikinisumbua akili. Moja ni cheti cha maadili mema kutoka DCI, kile ambacho unapigwa chapa vidole vyote kumi kabla ya kukipata. Nyingine ni cheti cha HELB, cha kuonyesha kwamba hudaiwi, au unadaiwa lakini unalipa. Tabia yako na deni lako la chuo, bega kwa bega. Sisi tumezoea, tunatoa kopi tunasonga. Lakini kuna historia ndefu ya jinsi hizo mbili zilivyojikuta mahali pamoja, na inaanza kabla HELB haijazaliwa.

Rudi nyuma hadi 1970. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kinavunjwa, Makerere na Dar es Salaam wanashika njia yao, na Nairobi inakuwa chuo kikuu chake yenyewe. Ukiingia pale wakati huo, serikali inakulipia masomo, chumba na chakula. Nchi changa inataka madaktari, wahandisi na maofisa wa wilaya, na inakungoja ukahudumu ukimaliza. Mwaka wa 1974 ukaja mpango wa mikopo. Sehemu ya pesa hizo mwanafunzi alipewa mkononi, na hiyo ndiyo iliitwa boom. Ukiongea na wazee waliosoma enzi hizo, macho yao yanang'aa wakitaja hilo neno. Boom ilinunua viatu na redio, na kwa wengi ilirudi nyumbani kulipia wadogo zao karo ya sekondari. Kijana wa miaka ishirini na moja alikuwa nguzo ya boma nzima.

Fomu za mkopo zilijazwa, sahihi zikatiwa, lakini sheria ya kuufuatilia haikuwa na meno. Wengi waliona ni zawadi tu na hawakurudisha hata ndururu.

Hapo ndipo penye mtego. Kitu kinachofanana na zawadi, mwenye kutoa anaweza kukuambia utulie. Miaka ya sabini hakuna aliyeuliza kama mzazi wako ana uwezo. Kilichoulizwa ni kama una adabu. Wanafunzi waliandamana baada ya J.M. Kariuki kuuawa mwaka wa 1975, na waliendelea kumkumbuka miaka iliyofuata. Walipiga kelele pia Ngũgĩ wa Thiong'o alipowekwa kizuizini mwishoni mwa 1977, na akitoka hakurudishiwa kazi yake ya kufundisha. Jibu la wakubwa lilikuwa lile lile kila mara: funga chuo, kila mtu nyumbani.

Kisha 1 Agosti 1982, jaribio la mapinduzi. Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa zaidi ya mwaka mzima. Makumi ya wanafunzi walikamatwa. Titus Adungosi, mwenyekiti wa SONU, alifungwa miaka kumi kwa kosa la uchochezi na akafia gerezani mwaka wa 1988, akiwa bado kijana. Waliorudi vijijini waliambiwa waripoti kwa chifu na kutia sahihi. Hebu fikiria: uko mwaka wa tatu wa sheria, na kila mara unapanga foleni mbele ya chifu ili aandike kwamba bado wewe ni mtoto mzuri.

Mwaka wa 1984 serikali ikaongeza kitu kingine. Kabla ya kujiunga na chuo, ilibidi kwanza upitie mafunzo ya NYS kule Gilgil: gwaride, jembe, kuamka alfajiri. Eti nidhamu na uzalendo. Mpango huo uliendelea hadi 1990.

Lakini mwaka unaonishika koo ni 1985. Mwanzoni mwa Februari viongozi wa wanafunzi walifukuzwa Nairobi, na wengine wakanyang'anywa ufadhili wao. Soma hiyo tena polepole. Hawakufeli mtihani, wala hakuna aliyesema familia zao zimetajirika. Pesa ya masomo iliondolewa kwa sababu ya walichosema na walichopanga. Wenzao wakagoma kuingia darasani, na Jumapili tarehe 10 wakakusanyika uwanja wa michezo kwa maombi. Polisi wakawavamia wakiwa pale pale kwenye maombi. Mwanafunzi mmoja alikufa, wengi wakaumia. Mahakama na magereza zilipokea wengine.

Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba zamani elimu ya chuo ilikuwa bure, mkubalie, kisha mwulize bei.

Mambo yalibadilika mwaka wa 1991. Vyuo vilikuwa vimejaa pomoni. Moi University ilianzishwa 1984, Kenyatta 1985, Egerton 1987, na mwaka wa 1990 watoto wa kwanza wa 8-4-4 walifika chuoni wakati wale wa mfumo wa zamani bado hawajaisha. Hazina ilikuwa imekauka, na Benki ya Dunia ilikuwa inashinikiza serikali ipunguze matumizi. Ukaja ugawanaji gharama: kila mwanafunzi alipe shilingi 6,000 kwa mwaka, boom iondolewe, na chakula kiwe cha kulipia unapokula. Kukawa na ghasia na vyuo vikafungwa tena. Vilipofunguliwa, vyumba vya hosteli vikaanza kunuka vitunguu na sukuma. Makomredi walikuwa wamegundua koili ya umeme, na sheria za hosteli zikagundua kosa jipya: kupika chumbani.

Mwaka wa 1995 Bunge likaunda HELB, na safari hii sheria ilikuwa na meno. Mwajiri akakate kwenye mshahara. Ukikwepa, faini ni shilingi 5,000 kila mwezi. Gharama ya mwanafunzi mmoja ikapangwa kuwa shilingi 120,000 kwa mwaka; serikali itoe 70,000, mwanafunzi alipe 16,000 za masomo, na mengine yatoke kwa mkopo na familia. Kwa zaidi ya miaka ishirini hesabu hiyo haikuguswa, hata bei ya unga ilipopanda mara ngapi sijui. Vyuo vikatafuta pesa kwingine. Nairobi ilianzisha masomo ya kujilipia mwaka wa 1998, na ghafla darasa moja likawa na watu wawili waliokaa kiti kimoja, mmoja akilipa karo mara kadhaa zaidi ya mwenzake.

Na hapo, bila kutangazwa, nidhamu ilihama ofisi. Ilitoka kwa polisi ikaenda kwa mhasibu. Kirungu cha GSU kinahitaji lori, mafuta na kinaingia kwenye magazeti. Orodha ya wadaiwa inahitaji ubao na pini nne.

Chuo nilichosoma, sitakitaja, orodha hiyo ilibandikwa wiki moja kabla ya mitihani. Bila kumaliza karo hupati kadi ya mtihani. Niliyekuwa naishi naye chumba kimoja alikuwa na salio dogo kuliko bei ya simu niliyonayo leo. Asubuhi ya karatasi ya kwanza alivaa, akabeba kalamu, tukaenda pamoja hadi mlangoni. Mimi nikaingia. Nilipotoka nilimkuta ameketi kwenye ngazi, ananiuliza maswali yalikuwa gani.

Wakati huo huo, mwanafunzi mwingine wa darasa letu alikuwa ameshtakiwa kwa kuvunja vioo wakati wa mgomo. Yeye aliitwa mbele ya kamati. Alipewa barua yenye mashtaka, akaruhusiwa kujitetea, akaleta shahidi, na aliambiwa anaweza kukata rufaa. Ndivyo inavyotakiwa. Ibara ya 47 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya kutendewa kwa haki na ofisi za umma, na mara kadhaa majaji wamewarudisha wanafunzi darasani kwa sababu chuo hakikuwasikiliza kabla ya kuwafukuza. Haki hiyo ilipiganiwa na kizazi cha 1982 na 1985, kwa gharama tunayoijua.

Niliyekuwa naishi naye hakupata barua. Hakuna kamati iliyomuuliza kwa nini. Aliyevunja vioo alisimamishwa muhula mmoja; aliyesota alipoteza mwaka mzima, na kwenye rekodi hana kosa lolote. Mimi siombi vioo vivunjwe. Nasema tu kwamba ukilinganisha hizo adhabu mbili, umaskini ndio ulioonekana kosa kubwa zaidi.

Tangu 2023 tuna mtindo mpya wa ufadhili. Mwanafunzi anajaza fomu mtandaoni, mtambo unapima uhitaji wake, anawekwa kwenye moja ya makundi matano. Kundi la kwanza familia inachangia asilimia 5 ya karo, kundi la tano asilimia 40. Tarehe 20 Desemba 2024 Mahakama Kuu ilisema mtindo huo unakiuka Katiba, na serikali ikakata rufaa. Angalau humu kuna nafasi ya mwanafunzi kulalamika kwamba amewekwa kundi lisilo lake. Ni kitu ambacho yule wa kwenye ngazi hakuwa nacho.

Binamu yangu aliijaza fomu yake kwenye saiba moja Eastlands, mimi nikiwa pembeni. Alienda vizuri hadi alipofika kwenye mapato ya mzazi. Mama yake anauza mitumba Gikomba. Kuna wiki anarudi na elfu nne, kuna wiki anarudi na nguo zile zile alizotoka nazo.

"Niandike ngapi?" akaniuliza.

Nikamwambia ampigie mama. Mama akacheka kwenye simu, akasema tuandike chochote kile, ila tusimwandike kama tajiri.