Shirika, Nyumba ya Kwanza ya Huruma

Katika siku hii ya yubile macho yanaangalia kwanza kanisa na majengo yake. Ni vema. Lakini historia ya Mususa haiandikwi katika matofali peke yake. Inaandikwa pia katika nyumba ndogo ambamo shirika linakutana, kusikiliza Neno la Mungu na kuuliza: nani kati yetu ni mugonjwa, nani amefiwa, nani amelala njaa?

Mapadri wa Assomption walifika katika eneo la Beni mwaka wa 1929. Pamoja na Injili walileta masomo na dispensari. Lakini misioni zilikuwa chache na njia ndefu. Mugonjwa wa mbali alibebwa juu ya kipoyi, na bila mabega ya majirani hakufika.

Mwaka wa 1961 Maaskofu wa Kongo walikata shauri kulijenga Kanisa juu ya jumuiya ndogo zenye uhai. Ndizo tunazoita mashirika. Monseigneur Emmanuel Kataliko, muchungaji wa Jimbo letu tangu 1966 mpaka 1997, alifundisha kwamba imani na maendeleo ya watu vinakwenda pamoja.

Miaka ile ilikuwa ya majaribu. Mwaka wa 1972 Serkali ilikataza vyama vya vijana vya Kanisa. Mwisho wa 1974 ikakamata masomo yetu, na mwaka wa 1977 ikayarudisha. Lakini shirika halikuwa na ofisi ya kufungwa wala bendera ya kuteremushwa. Lilikuwa na likirimba, na wamama waliochanga unga, na vijana waliolima shamba la mujane.

Jaribu zito zaidi lilikuja nyuma. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa, na kutoka Mangina ikafika Beni, Butembo na Katwa. Mpaka tarehe 25 Juni 2020 watu zaidi ya 2.200 walikufa. Ugonjwa huu ulishambulia huruma yenyewe: aliyemushika mugonjwa, aliyemuosha maiti, ndiye aliyekamatwa. Wengi hawakuamini, katika Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilichomwa moto.

Ilikuwa vigumu kumuambia mama asimuguse mutoto wake. Neno hilo, likitoka kwa mugeni mwenye kuvaa nguo za kufunika uso, lilionekana ukatili. Likitoka kwa jirani aliyesali naye miaka kumi, liliweza kusikiwa. Tulijifunza kwamba kuweka chakula mulangoni bila kuingia, na kuacha kupana mukono wa amani, ni mapendo pia.

Tangu mauaji ya Oktoba 2014 katika eneo la Beni, wakimbizi wengi wamefika Butembo, na familia zenye vyumba viwili zimewapa kimoja.

Kwa hiyo tujichunguze. Shirika linalokutana kwa kuhesabu michango tu limesahau kazi yake. Kabla ya hospitali kuna jirani. Kabla ya musaada wa mbali kuna mulango wa karibu. Mungu, aliyetufikisha kwenye yubile hii, atukute tukiwa na mulango wazi.