Maneno ya Kuonjeshana: Historia Fupi ya Istilahi za Wapika Pombe, Kuanzia Kirando

Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuchunguza fungu moja la msamiati wa Kiswahili ambalo wanaistilahi hulitaja kwa nadra, nalo ni maneno wayatumiayo wapika pombe wanapopelekeana kazi ya mikono yao na kuonjeshana. Huenda msomaji akauliza: je, chungu cha pombe nacho ni jambo la kuwashughulisha wataalamu wa lugha? Jibu letu ni kwamba kila ufundi una maneno yake, na maneno ya ufundi ndiyo malighafi ya istilahi. Hatukusudii kuusifu ulevi wala kumshawishi asiyekunywa. Tunachotaka kuonyesha ni kwamba Kiswahili kina maneno ya kupimia ladha, kwamba maneno hayo yalikomazwa na watu walioonjeshana vinywaji vyao, na kwamba yasipokusanywa tutalazimika kesho kukopa kile tulichokuwa nacho jana.

Tumeamua kuanzia Kirando, mji mdogo ulio ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, katika Wilaya ya Nkasi, Mkoa wa Rukwa. Ziwa liko kwenye kimo cha mita 773 hivi juu ya usawa wa bahari, na nyuma ya mwambao ardhi inapanda hadi kwenye uwanda wa Ufipa, wenye kimo cha zaidi ya mita 1,700. Ulezi na mahindi hushuka kutoka juu. Dagaa na migebuka hupanda kutoka chini. Ng'ambo ya maji ni Kongo. Mahali pa namna hiyo mtu hawezi kufanya biashara kwa lugha ya nyumbani kwake peke yake. Kifipa kipo, Kiswahili kilicholetwa na misafara ya karne ya 19 kipo, na Kiswahili cha Kongo nacho huvuka ziwa pamoja na abiria wake. Kwa hiyo anayepika pombe ya kuuza hapo hulazimika kuieleza kwa maneno ambayo mgeni atayaelewa. Yafaa tuyatazame maneno hayo.

Kupika na kugema

Kwanza tuangalie vitenzi. Kwa Kiswahili pombe hupikwa, bali tembo hugemwa. Tofauti hiyo si ndogo. Watu wa pwani walianza na mnazi, na kazi yao ilikuwa kupanda, kukata kole na kukinga utomvu ambao huchacha wenyewe bila moto. Watu wa bara walianza na nafaka, nayo nafaka haitoi kileo mpaka iloweshwe, ioteshwe, isagwe na ipikwe. Hivyo mgema ni mtu mmoja na mpika pombe ni mwingine, na lugha imewatenga sawasawa na kazi zao zilivyotengana.

Neno pombe lenyewe lastahili kutazamwa. Lugha nyingi za Kibantu huita kileo cha nafaka kwa jina la shina moja: Wabemba, walio kusini-magharibi ya Ufipa, husema ubwalwa, Watswana husema bojalwa, Wazulu husema utshwala. Kiswahili hakikushika shina hilo, bali kilishika pombe, na neno hilo likasafiri na misafara. Mwingereza Richard Burton, aliyefika Ujiji Februari 1858, alilikuta njia nzima ya bara. Katika kitabu chake cha 1860 alieleza jinsi nusu ya nafaka ilivyooteshwa na kutwangwa, ikachanganywa na nusu nyingine iliyokuwa unga, ikachemshwa zaidi ya mara moja, kisha ikaachwa ichachuke. Na aliandika kwamba baada ya siku ya tatu iligeuka kuwa chachu kama siki. Alitaja pia togwa, ambayo kwanza ni nzito na tamu kama uji, lakini ikichachuka hulevya. Hadi leo togwa ni jina la kinywaji kitamu kisicholevya, ambacho hata mtoto hupewa. Basi neno hilo lasimama kwenye mpaka ambapo uji unakoma na pombe inaanza, na anayejua mpaka huo ni yule anayeonja.

Kimea, chachu na machicha

Utaratibu wa kupika pombe ya ulezi unajulikana na wengi, lakini tutaupitia kwa sababu maneno yake ni mazuri. Ulezi huloweshwa, hufunikwa hadi uchipue, kisha huanikwa juani na kusagwa. Unga huo ndio kimea, neno lililotokana na kitenzi mea. Katika mbegu inayoota mna vimeng'enya, ambavyo kazi yake ni kugeuza wanga kuwa sukari. Mpika pombe huchemsha uji, huuacha upoe kiasi, ndipo hutia kimea. Akikitia uji ungali ukitokota, vimeng'enya hufa na uji hautakuwa mtamu. Akichelewa hata uji ukapoa kabisa, kazi ya vimeng'enya huwa ya polepole mno. Mpika pombe wa kijijini hapimi joto kwa kipimo cha kioo, bali kwa mkono wake.

Baada ya utamu huja uchachu. Neno chachu na kitenzi chacha ni ndugu, nalo hamira tulilipata kutoka Kiarabu. Kazi aliyoieleza Louis Pasteur katika kitabu chake cha 1876 juu ya bia, yaani kwamba kuchacha ni kazi ya viumbe hai, wapika pombe waliijua kwa vitendo: walihifadhi machicha ya chungu cha zamani ili kuanzishia chungu kipya. Aliyekosa machicha mazuri aliazima kwa jirani.

Ng'ambo ya ziwa, upande wa Katanga, na vilevile nchini Zambia, kuna kinywaji kiitwacho munkoyo, ambacho hutumia mizizi ya mimea fulani mahali pa kimea, kwa sababu mizizi hiyo nayo ina vimeng'enya. Mtu aliyezoea ulezi ulioota akikutana na mtu aliyezoea mizizi, hawawezi kuelewana kwa kutaja majina ya vinywaji tu. Ni lazima waeleze kinavyotengenezwa na kinavyoonjeka.

Desturi ya kuonjeshana

Hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Katika vijiji vingi vya Tanzania wanawake wanaopika pombe ya kuuza hupeana zamu, ili wote wasipike siku moja na kuharibiana soko. Anayepika leo ndiye mnywaji na mwonjaji wa kesho. Desturi ijulikanayo sehemu nyingi za Afrika Mashariki humtaka mwenye chungu aonje kwanza mbele ya wageni, kuonyesha kwamba kinywaji hakina sumu wala hila. Ndipo kata hupita kwa wengine. Wabemba, kama alivyoeleza Audrey Richards katika kitabu chake cha 1939, wana pombe iitwayo katubi, ambayo humiminiwa maji ya moto na kunyonywa kwa mrija. Walioketi kukizunguka chungu kimoja huonja kitu kimoja wakati mmoja, na hukumu yao hutolewa papo hapo.

Sasa, mnywaji wa kawaida husema pombe ni nzuri au mbaya, akatosheka. Mpika pombe mwenziwe hawezi kuishia hapo. Akisema ni mbaya, ataulizwa: ina nini? Je, kimea kilikuwa kidogo? Uji uliungua? Ulezi uliota ukungu ulipokuwa ukichipua? Jibu lataka neno mahususi kwa kila kasoro. Wazee walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hiyo kwa kawaida hufasiriwa kuwa onyo dhidi ya majivuno ya anayesifiwa, lakini yaweza pia kuwa onyo kwa anayesifu: sifa isiyo na kipimo huharibu kazi. Mwonjaji mwema ni yule atajaye kilichopungua, na hawezi kukitaja ikiwa lugha yake haina jina lake.

Kilabu na klabu

Wakati wa utawala wa Waingereza palizuka mahali papya pa kunywea, pakapewa jina lililotokana na Kiingereza: kilabu, wingi vilabu. Neno hilohilo liliingia mara ya pili kwa njia ya michezo, likawa klabu. Leo katika Tanzania ni nadra kusikia kilabu cha mpira kwa kumaanisha timu, wala klabu ya komoni kwa kumaanisha mahali pa kunywea. Wasemaji wenyewe, bila kuamriwa na kamati yoyote, waligawa neno moja la kigeni kuwa mawili na kulipa kila moja kazi yake. Huo ni mfano mwema wa uundaji wa istilahi.

Sheria nayo iliacha alama katika msamiati. Sheria ya vileo ya 1968 ilitenga pombe za kienyeji katika fungu lake, mbali na bia na mvinyo, na hivyo kuendeleza mgawanyo uliokuwapo tangu ukoloni. Matokeo yake ni kwamba bia ilipata wataalamu, viwanda na maabara, hali mbege, rubisi, ulanzi, komoni, kangara, wanzuki na dengelua ziliwekwa chini ya kichwa kimoja, kana kwamba pombe ya ndizi za Uchaga na utomvu wa mianzi ya Iringa ni kitu kimoja kwa kuwa tu havikutoka kiwandani.

Hata pombe ya nafaka ilipoingia kiwandani, jina lake lilitoka penye maandishi. Yasimuliwa kwamba huko Kitwe, Zambia ya leo, katika miaka ya 1950, mpishi mmoja aitwaye Max Heinrich alikuwa akiandika katika daftari kila alichokitia na kila wanywaji walichokisema. Watu wakaipa pombe yake jina la daftari lile, yaani buku, ikawa Chibuku. Wapika pombe wa vijijini nao walikuwa na daftari lao, ila liliandikwa katika ulimi.

Wenzetu walivyofanya

Mwaka 1978 Marekani ilipitisha sheria iliyoruhusu mtu kupika bia nyumbani kwa matumizi yake mwenyewe bila kulipa kodi ya serikali kuu, kwa kiasi kilichowekewa mpaka. Wapika bia wa kujifurahisha walianza kukutana kwa wingi, kila mtu na chupa zake, wakibadilishana na kuhukumiana. Karibu wakati huohuo, mwaka 1979, mkemia mzaliwa wa Denmark, Morten Meilgaard, pamoja na wenzake wa Marekani na Ulaya, walichapisha mpango wa istilahi za ladha ya bia. Waliuchora mfano wa gurudumu lenye makundi 14 na istilahi zaidi ya 100, ili mwonjaji wa nchi moja na wa nchi nyingine wakitaja harufu fulani wawe wanataja kitu kimoja.

Tukilinganisha, twaona kwamba kuonjeshana kwa wale wapika bia na kwa wapika pombe wa ulezi ni kazi moja. Tofauti ni mbili. Ya kwanza, yaliyo burudani kule ni riziki huku: chungu kikiharibika, ada ya shule imemwagika. Ya pili, wao waliketi wakaandika maneno yao, na sisi hatujaketi.

Maneno yaliyopo

Hata hivyo hatuanzi na mikono mitupu. Baadhi ya maneno yanayoweza kusanifiwa ni haya:

Uchachu: ukali utokanao na kuchacha, kama wa siki au maziwa ya mgando.
Ugwadu: ukali wa tunda, kama wa ndimu au ukwaju. Wengi huuchanganya na uchachu, yafaa vitengwe.
Ukakasi: hali ya ulimi kukauka na kukaza, kama baada ya kula ndizi mbichi. Si uchungu wala si ukali.
Chapwa: kisicho na ladha kwa kukosa kiungo.
Dufu: kilichokuwa na ladha kikaipoteza. Katika matumizi ya kawaida neno hili na chapwa hukaribiana. Twapendekeza yagawane kazi kama kilabu na klabu.
Uvundo: harufu ya kitu kilichofungiwa katika unyevu, kama nafaka iliyoota ukungu.
Kionjo: kiasi kidogo kitolewacho ili kihukumiwe.

Kitenzi chacha chenyewe kinahitaji uangalifu. Wali ukichacha umeharibika. Pombe isipochacha haijawa pombe. Neno moja ni lawama jikoni na ni sifa kwenye chungu, na mtunga istilahi asiyejua hayo atalisanifu kwa maana moja na kuipoteza ya pili.

Hitimisho

Tangu 1974 Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoanza kutoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu, kazi ya istilahi imeanza mara nyingi na orodha ya maneno ya kigeni yanayotafutiwa visawe. Njia hiyo ina faida zake, lakini ina upofu wake pia: huona tu kile ambacho lugha ya kigeni imekipa jina. Tunashauri kwamba katika nyanja ya vyakula na vinywaji njia igeuzwe. Mkusanyaji aende Kirando, apande hadi Namanyere na Sumbawanga, afike kwa wanawake wanaopika, aketi wakati kata inapozunguka, na aandike kila neno litamkwalo kabla ya neno zuri au mbaya kufuata. Akisikia neno la Kifipa lisilo na kisawe katika Kiswahili, aliandike pia, maana Kiswahili kimekuwa kikikua kwa kuazima kwa jirani, kama yule aliyekosa machicha.

Kazi hiyo haifai kucheleweshwa. Mapishi yaweza kufufuliwa na yeyote mwenye ulezi na maji. Lakini jina la ladha, likishafa pamoja na waliolitumia, hakuna chungu kitakacholirudisha.