Shingo za Idjwi

Dukani kwangu Kagugu chumvi haikosi mnunuzi, ila sijaona mteja anayesoma maandishi madogo ya pakiti yanayotaja madini joto. Mimi huyasoma. Ukoo wa mama yangu ni wa kaskazini mwa kisiwa cha Idjwi, na kule rovu, uvimbe wa tezi ya shingoni uletwao na uhaba wa madini hayo, lilikuwa jambo la kawaida kama mvi. Mama mkubwa alilificha la kwake kwa kitenge hata wakati wa jua kali.

Idjwi kiko katikati ya Ziwa Kivu. Ardhi yake ina madini joto machache, na kinachoota humo ni hivyo hivyo. Miaka ya 1960 daktari Mbelgiji François Delange alikuja na watafiti wenzake kupitia taasisi ya Lwiro, kaskazini mwa Bukavu. Wakakuta kioja: kaskazini mwa kisiwa karibu nusu ya watu au zaidi walikuwa na rovu, kusini-magharibi yapata mmoja kati ya 20, ilhali madini joto yalikuwa haba pande zote mbili.

Mwaka 1971 Delange na mwenzake André Ermans walichapisha jibu lao: muhogo. Muhogo mchungu usiporowekwa vya kutosha hubaki na sumu ya sianidi. Mwili huigeuza kuwa thiosianeti, nayo huizuia tezi hiyo ya shingoni, thairoidi, kuchukua hata yale madini kidogo yaliyopo. Watu wa kaskazini waliula kwa wingi zaidi.

Madhara hayakuishia shingoni. Kisiwani walikuwapo watu waliokua wakabaki wafupi mno, na akili zao zikadumaa. Homoni ya thairoidi huusaidia ubongo kutoa homoni ya ukuaji, kisha ini litoe IGF-1, kichocheo kinachorefusha mifupa. Thairoidi ikilegea, IGF-1 hushuka, na mtoto harefuki hata akishiba. Mtu mzima naye ana lake: misuli yake huvuta sukari kwa uvivu hata insulini ikiwapo.

Miaka ya 1990 chumvi yenye madini joto ilifika eneo la Kivu, na tatizo likageuka upande. Mwaka 1996 mtafiti Bourdoux na wenzake waliandika katika jarida la Lancet kuhusu watu wa Kivu ambao tezi zao sasa zilitoa homoni kupita kiasi. Rovu la miaka mingi huota vinundu visivyosikia amri. Vikipata madini ghafla, hufanya kazi bila breki. Moyo hupiga mbio, mwili hukonda, na ini humwaga sukari kwenye damu huku insulini ikishindwa kulizuia. Hivyo upungufu wa homoni hiyo na ziada yake, kila kimoja kwa njia yake, hukutana kwenye ukinzani wa insulini.

Wapo wanaosikia habari hii wakataka kurudia chumvi ya zamani. Nawakatalia: ugonjwa wa wachache hao hutibika, lakini mtoto aliyedumaa tumboni harudishwi. Ninachowaomba wateja wangu wenye kisukari ni kimoja: sukari ikianza kuyumba bila chakula wala dawa kubadilika, mwombeni daktari aipime na thairoidi.