Sotoka na Nyasi za Serengeti

Neno ikolojia ni geni katika lugha yetu, wala si la kale sana hata huko lilikozaliwa. Mjerumani Ernst Haeckel aliliunda mwaka wa 1866 kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya nyumba, akitaka litaje elimu ya viumbe na makao yao. Mwaka wa 1935 Mwingereza Arthur Tansley akatoa jina la nyumba nzima pamoja na wakaaji wake, udongo wake, maji yake na hewa yake. Jina hilo sisi twaliita mfumo wa ikolojia. Wanafunzi hukariri habari hizi, na mtihani upitapo huzisahau. Siwalaumu. Fundisho lisilo na mahali wala tarehe halikai moyoni. Kwa hiyo nataka kulitia mahali na tarehe: mahali ni Serengeti na nchi zinazoizunguka, na tarehe zaanzia karibu na mwaka wa 1890.

Msingi wenyewe waweza kuelezwa kwa maneno machache. Majani hunasa nguvu za jua; nyumbu hula majani; simba na fisi humla nyumbu; kisha mchwa, kuvu na bakteria hurudisha udongoni kilichosalia. Katika kila hatua sehemu kubwa ya nguvu hupotea kwa joto na mwendo, hata hukisiwa kwamba kadiri ya sehemu moja katika kumi tu ndiyo ifikayo hatua ifuatayo. Ndiyo sababu nyumbu ni wengi na simba ni wachache. Nguvu za jua hupita zisirudi, lakini madini huzunguka. Nyanda za kusini mwa Serengeti zina udongo wa majivu ya volkano, wenye chokaa na fosforasi nyingi, na nyumbu huenda kuzalia huko wakati wa mvua. Kiangazi kikaukapo hurudi magharibi na kaskazini kutafuta maji. Haya yote ni kweli, lakini humfanya msomaji adhani kwamba nyumba hii imesimama hivyo tangu kuumbwa kwa dunia. Historia yatuambia vingine.

Katika mwisho wa miaka ya 1880 ng'ombe wagonjwa walishushwa katika pwani ya Bahari ya Shamu, upande wa Eritrea, Waitalia walipokuwa wakijipenyeza huko. Maradhi yao yalikuwa sotoka. Kirusi chake ni ndugu wa kirusi cha surua, nacho huwapata hasa wanyama wacheuao. Afrika ya kusini mwa Sahara ilikuwa haina kinga nayo. Ethiopia ilikumbwa na njaa kubwa. Mwaka wa 1891 maradhi yalikwisha enea Umasaini. Mwaka wa 1896 yalivuka mto Zambezi kuelekea kusini. Mahali pengi walikufa ng'ombe tisa katika kila kumi. Hawakufa ng'ombe peke yao: nyati, pofu, tandala, twiga na nyumbu nao walianguka porini.

Kwa Wamasai msiba huu haukuja peke yake. Homa ya mapafu ya ng'ombe ilikuwa imetangulia, na ndui ikafuata. Wakati huo wote wenyewe wauita Emutai, maana yake kumalizika. Oscar Baumann, msafiri wa Kiaustria, alishuka katika bonde la Ngorongoro mwezi wa Machi mwaka wa 1892, akaandika habari za wanawake waliobaki mifupa, na mashujaa waliokuwa hawawezi kusimama kwa njaa. Alikisia kwamba Wamasai wawili katika kila watatu walikuwa wamekufa. Makisio ya msafiri si hesabu, na Baumann hakuwa mtu asiye na makosa. Lakini shahidi mwingine hatunaye aliyepita hapo kwa wakati huo na kalamu mkononi.

Sasa tazama nyumba ikibadilika baada ya mkaaji mmoja kutolewa. Mbung'o huishi kwa damu ya wanyama. Wanyama wa porini walipokufa, mbung'o nao walipungua katika nchi nyingi. Jambo hili aghalabu husahauliwa na wasimuliaji. Ila hali hiyo haikudumu. Mifugo haikuwapo tena ya kula machipukizi, wala watu wa kulima, kukata kuni na kuchoma nyasi kwa wakati wake. Vichaka vilirudi mahali palipokuwa malisho. Wanyama wa porini wakaanza kuongezeka upesi kuliko mifugo, na mbung'o wakapata vitu viwili wavipendavyo, kivuli na damu. Walipokwisha kaa, ng'ombe hakuweza kurudi kwa sababu ya nagana, na mtu naye aliogopa malale. Hata katika Usukuma, miaka ya 1920, maelfu ya watu walifyeka vichaka vya Shinyanga wakiongozwa na idara ya mbung'o ya Charles Swynnerton, ili malisho yapatikane tena. John Ford, aliyewachunguza mbung'o kwa miaka mingi, alieleza katika kitabu chake cha mwaka wa 1971 kwamba Waafrika walikuwa na namna zao za kuishi na maradhi haya kwa mipaka ya mashamba, malisho na mapori, na kwamba mipaka hiyo ndiyo iliyovunjika katika misiba ya miaka ya 1890.

Wazungu waliokuja baadaye waliikuta nchi katika hali hii, wakaidhania kuwa nyika ya asili. Mimi naona kosa hili ni kubwa kuliko linavyoonekana. Mgeni akiingia katika nyumba iliyofiwa, akaona vyumba vitupu, asiseme kwamba nyumba haikupata kukaliwa. Serengeti ikawa hifadhi ya taifa mwaka wa 1951, na mwaka wa 1959 Wamasai wakatolewa humo, Ngorongoro ikatengwa kwa sheria nyingine. Mwaka uliotangulia Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walihesabu wanyama kwa ndege, wakapata nyumbu karibu 99,000. Michael alikufa kwa ajali ya ndege hiyo mwezi wa Januari 1959. Hesabu yao ilikuwa na upungufu, na ya mwaka wa 1961 ilitoa kiasi cha 260,000. Lakini wote walidhani kwamba wanaona idadi ya kawaida ya nchi ile.

Haikuwa ya kawaida. Huko Muguga, karibu na Nairobi, Walter Plowright na wenzake walikuwa wakitengeneza chanjo mpya ya sotoka, iliyokuwa rahisi na salama kwa ng'ombe. Ng'ombe wa kandokando ya Serengeti walichanjwa. Nyumbu hakuchanjwa hata mmoja. Walakini baada ya mwaka wa 1963 ndama wa nyumbu waliacha kufa kwa sotoka, na damu yao haikuonyesha tena alama ya maradhi. Hapo ikadhihirika kwamba nyumbu hawakuweza kuyatunza maradhi wenyewe, bali waliyapokea kwa ng'ombe. Miaka yote wafugaji walikuwa wameambiwa kinyume chake. Kufika mwaka wa 1977 nyumbu walikuwa wamepita milioni moja na laki tatu. Nyati nao waliongezeka. Punda milia, asiyecheua na asiyeshikwa na sotoka, alibaki karibu na laki mbili kama kwanza, na kwa hiyo mtu hawezi kusema kwamba ni mvua nzuri tu iliyowazidisha nyumbu.

Hapa ndipo ninapopapenda zaidi katika kisa hiki. Nyumbu walipokuwa wachache, nyasi zilikua ndefu, zikakauka, na kila kiangazi moto uliteketeza sehemu kubwa ya Serengeti, pengine sehemu nne katika kila tano. Miche ya migunga iliungua kabla haijainua kichwa. Wataalamu wa miaka ya 1960, walipoona miti ikipungua, walimnyoshea kidole ndovu, maana ndovu huonekana akiangusha mti, na moto huua mche usiotazamwa na mtu. Nyumbu walipozidi, walikula kile ambacho moto ungekula. Eneo liunguzwalo likapungua hata kiasi cha robo au chini yake, na miti ikarudi. Sitaki kuficha kwamba katika miaka ya 1970 na 1980 majangili waliwaua ndovu wengi, na hilo nalo liliipa miti nafasi. Hata hivyo uzi mkuu waonekana wazi: kutoka sindano iliyochoma shingo ya ng'ombe, nje ya hifadhi, hata kivuli cha mgunga ulio ndani yake.

Uzi huo hauishii hapo. Katika mto Mara nyumbu wengi huzama wanapovuka, kwa wastani 6,250 kila mwaka kwa hesabu zilizotolewa mwaka wa 2017. Nyama hulisha mamba, tai na samaki kwa majuma machache. Mifupa huendelea kutoa fosforasi majini kwa miaka saba hivi. Mto wenyewe, basi, ulikuwa maskini zaidi wakati wa sotoka.

Mwaka wa 2011 sotoka ilitangazwa kuwa imekwisha duniani, maradhi ya pili kufutwa na binadamu baada ya ndui. Mwanafunzi wangu mmoja aliniuliza: tukisema kwamba hifadhi yatunza nchi katika hali yake ya asili, asili hiyo ni ya mwaka gani? Ya 1889, ng'ombe na nyumbu walipolisha pamoja? Ya 1892? Ya 1958, nyasi zilipokuwa zikiungua kila mwaka? Nilimjibu kwamba hali zote tatu zilikuwa mifumo kamili, kila mmoja ukifuata kanuni zile zile za jua, majani na damu, na kwamba kuchagua mmoja kati yake si kazi ya ikolojia peke yake. Hakuridhika, nami sikumlazimisha.

Katika miamba ya Moru, kusini mwa Serengeti, kuna michoro ya ngao za Wamasai, nyekundu, nyeupe na nyeusi, iliyochorwa na vijana waliokuwa wakilisha hapo. Wakati wa mvua nyumbu hupita chini yake.